Acheni Kuuliza "Atatembea Lini?" Ulizeni Mifupa Yake Inaendeleaje

Leo hakuna mzaha. Nina hoja moja na nitaishikilia mpaka mwisho: Wakenya tunajua sana kumchangia mtu aliyeumia uti wa mgongo, lakini tunachangia kipande kimoja tu cha safari, halafu tunaondoka wakati mwili wake ndio unaanza kubomoka.

Ile posti mnaijua. Kijana wa miaka 23, picha ya kwanza amevaa joho la kuhitimu, picha ya pili yuko kitandani na kola shingoni. Aligongwa akiwa kwa nduthi, au alianguka kutoka kwa mjengo, au alikuwa juu ya mti wa avokado huko kwao. Chini kuna namba ya M-Pesa na maneno yaleyale: "Tusaidieni afanyiwe upasuaji atembee tena." Tunatuma. Mia mbili hapa, hamsini pale, mbogi ya chuo inachanga, kanisa linachanga. Upasuaji unafanyika. Tunaandika "Mungu ni mwema". Wiki tatu baadaye kila mtu amerudi kwa shughuli zake na kijana amerudishwa nyumbani.

Hapo nyumbani kunabaki swali moja. Kila mgeni akiingia, hata kabla hajaketi, analiuliza: "Na atatembea lini?"

Mimi nasema tuliache hilo swali. Matumaini si mabaya, na sitaki mtu aniwekee maneno mdomoni. Shida ni kwamba swali lenyewe linatufanya tuione miguu ya huyo mtu kama gari lililoegeshwa. Eti lipo tu, linangoja fundi, siku moja litawashwa na liende. Manze, miguu haingoji. Kila wiki inayopita bila kutunzwa, misuli inapungua na mfupa unapungua. Na mfupa ukishaisha, sehemu kubwa yake hairudi.

Mfupa si jiwe

Shuleni tulichorewa mifupa kama mbao za nyumba: migumu, mikavu, ipo tu. Lakini mfupa ni kitu hai. Ndani yake kuna seli zinazobomoa mfupa mzee na nyingine zinazojenga mfupa mpya, na hiyo kazi haina likizo. Zinajuaje zijenge kiasi gani? Zinafuata mzigo. Ukisimama, ukipanda ngazi, ukikimbilia mat inayoondoka, uzito wako unaukandamiza mfupa na misuli yako inauvuta. Mfupa unapata ujumbe kwamba bado unahitajika, kwa hivyo unajijenga. Ujumbe ukikatika, seli zinazobomoa zinaongeza kasi na zile zinazojenga zinazembea.

Wanaanga wanalijua hili vizuri. Huko juu ambako mwili hauhisi uzito wake, mtu anaweza kupoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Na hao ni watu wenye afya, waliochaguliwa, wenye madaktari wanaowafuatilia kila siku. Sasa mtu ambaye miguu yake imepooza kabisa, katika miezi ile ya kwanza, hupoteza kwa kasi kubwa kuliko hiyo. Yeye hajaenda anga za juu. Yuko Githurai, chumba cha pili, kwa godoro la inchi nne.

Upotevu huo hauji mwili mzima. Kama jeraha liko chini ya shingo, mikono inabaki na mifupa yake. Inayoliwa ni mifupa iliyo chini ya jeraha: nyonga, na zaidi ya yote eneo la goti, yaani ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya mfupa wa muundi. Hapo mtu aliyepooza kabisa anaweza kupoteza karibu theluthi moja ya madini ya mfupa katika miaka michache ya kwanza, na wengine hufika nusu. Kasi ni kubwa zaidi mwaka wa kwanza na wa pili, kisha inapungua.

Hiyo maana yake ni kwamba kijana wa miaka 25 anaweza kuwa na goti lenye mfupa dhaifu kuliko la shosho wake. Ukimwangalia huwezi kujua. Anacheka, anaposti, anabishana na wewe kuhusu Gor na Ingwe. Lakini mfupa wake wa paja ni kama chaki.

Misuli inaondoka kwanza

Misuli nayo haina subira hata kidogo. Watafiti waliwahi kupima misuli ya miguu ya watu wiki 6 tu baada ya jeraha lililokata mawasiliano yote, wakakuta ni midogo kwa kati ya asilimia 18 na 46, kutegemea msuli gani, ukilinganisha na ya watu wasio na jeraha. Wiki sita! Hiyo ni kabla hata bili ya hospitali haijaisha kulipwa.

Wapo watakaosema, "Kwani misuli ina kazi gani kwa mtu ambaye hatembei?" Ebu tuhesabu pamoja.

Kazi ya kwanza ni sukari. Ukila chapati, misuli yako ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya ile sukari kutoka kwa damu. Misuli ikipungua na mafuta yakichukua nafasi yake, sukari haina pa kwenda. Ndiyo maana watu wenye jeraha la uti wa mgongo wana hatari kubwa zaidi ya kisukari na magonjwa ya moyo, hata kama kwa macho wanaonekana wembamba.

Kazi ya pili ni mto wa kukalia. Makalio yako ni misuli. Hiyo misuli ikiisha, mfupa unakaa karibu moja kwa moja na ngozi, na ngozi inakaa kwa kiti. Hapo ndipo vidonda vya kulalia vinapopata mlango. Kidonda kimoja kinaweza kumweka mtu kitandani kwa miezi, kikiingia maambukizi kinaweza kumuua.

Kazi ya tatu ni kuuvuta mfupa. Nimesema mfupa unasikiliza mzigo. Mzigo mwingi unatoka kwa misuli yenyewe. Kwa hivyo misuli ikienda, inaondoka na mfupa. Hivi viwili ni kama nduthi na mafuta. Usiniambie utatunza kimoja uache kingine.

Niongeze kitu kwa haki. Majeraha hayafanani. Kuna mtu ambaye bado ana hisia kidogo au anasogeza vidole, huyo kwa kawaida hupoteza kidogo kuliko yule aliyekatika kabisa mawasiliano. Kuna mwenye misuli inayokaza na kurukaruka yenyewe, na ingawa hiyo inasumbua usiku, huwa inamsaidia kubaki na misuli kiasi. Kwa hivyo usichukue habari za mtu mmoja wa TikTok ukampimia mwingine.

Mfupa unaovunjika kimyakimya

Sasa niwape sababu ya mimi kukasirika.

Binamu yangu ni fundi wa simu huku Eastlands. Yuko kwa kiti cha magurudumu tangu ajali. Kibanda chake kina wateja kuliko vingine vyote kwa hiyo laini, na mdomo wake una wateja zaidi. Siku moja alikuwa anasaidiwa kupanda mat. Makanga alikuwa na haraka kama kawaida yao, akamshika mwili, mwingine akashika mguu, mguu ukajipinda kidogo. Hakuna aliyepiga kelele. Yeye mwenyewe hakusikia chochote, kwa sababu hahisi kuanzia kiunoni kwenda chini. Akafika kazini, akafungua simu za watu, akarudi nyumbani.

Jioni goti likawa limevimba na lina joto. Kesho yake miguu ikaanza kukaza kuliko kawaida. Zahanati moja ikamwambia ni maambukizi, akapewa dawa za siku tano. Jirani akasema ni mshipa, aitwe mama mmoja anayekanda kwa mafuta ya moto. Bahati nzuri shangazi alikataa katakata. Siku ya tisa ndipo akapigwa eksirei: mfupa wa paja umevunjika, juu kidogo ya goti. Siku tisa mtu anatembea na paja lililovunjika, au tuseme anasukumwa nalo, na hakuna aliyejua.

Akafungwa plasta. Kwa sababu hahisi, plasta ikamkwaruza kisigino mpaka kikawa kidonda. Hesabu ikaja hivi: mfupa mmoja, kidonda kimoja, miezi minne kibanda kimefungwa. Wateja wakahama. Mtoto wake akarudishwa nyumbani kwa karo. Yote hayo yalitokana na kupinda mguu kidogo kwa mlango wa mat.

Mpaka leo watu wakimtembelea wanamuuliza kama ataweza kutembea. Hakuna hata mmoja amewahi kumuuliza kama amepimwa mifupa.

Na hii si habari ya ajabu. Kwa watu wenye jeraha la uti wa mgongo, mifupa ya miguu huvunjika kwa vitu vidogo kabisa: kuhama kutoka kitandani kwenda kwa kiti, kuanguka kutoka kwa kiti, mguu kunaswa mahali, hata kunyooshwa na mtu anayetaka kusaidia lakini anatumia nguvu. Kwa hivyo chukueni hizi dalili muziweke kichwani. Mguu uliopooza ukivimba ghafla, ukiwa na joto au wekundu, ukikaza kuliko kawaida, ukionekana umekaa vibaya, au mtu akipata homa bila sababu inayoeleweka, usiukande. Usiunyooshe. Unaweza kuwa umevunjika. Unaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa, na ukiukanda, lile bonge linaweza kusafiri hadi mapafuni. Inaweza pia kuwa mfupa mpya unaoota ndani ya misuli karibu na nyonga, maana mwili baada ya jeraha hili hufanya hata hayo. Kuna daktari na kuna eksirei, mkandaji angoje.

Na kwa wale walioumia kuanzia sehemu ya juu ya kifua hadi shingoni, kuna jambo lingine kubwa. Mwili wao ukipata tatizo chini ya jeraha, hata mfupa uliovunjika wasiouhisi, shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla. Utaona kichwa kinauma sana, jasho linamtoka usoni, uso unakuwa mwekundu. Mketishe wima, mlegezee nguo zinazobana, angalia kama mpira wa mkojo umekunjika au umeziba, na kama haishuki upesi mpeleke hospitali mbio. Hiyo ni dharura, si malaria.

"Lakini unaua matumaini yao"

Najua komenti zinakuja. "Wewe ni nani useme mtu asitumaini kutembea?" Sawa. Nijibu hapa hapa.

Tuseme tiba inapatikana. Tuseme kesho kutwa kuna mashine au upasuaji unaorudisha mawasiliano ya neva. Itamkuta na miguu gani? Leo tayari kuna mavazi ya roboti yanayomsimamisha mtu aliyepooza na kumtembeza. Lakini kabla ya kufungwa ndani yake unapimwa, na mtu ambaye mifupa yake imeisha sana, au ambaye magoti na nyonga vimekakamaa havinyooki, anakataliwa. Anakataliwa kwa sababu mashine inaweza kumvunja.

Kwa hivyo wewe unayesema una matumaini, nikuulize: umeyafanyia nini? Matumaini yasiyonyoosha viungo kila siku ni maneno tu. Mtu anayeamini kweli kwamba ndugu yake atasimama siku moja anamtunzia miguu ya kusimamia. Na asiposimama kamwe, bado hiyo miguu ni yake, bado inamuuguza au inamwacha afanye kazi yake kwa amani. Pande zote mbili jibu ni lilelile, tunza mifupa na misuli.

Nini kinasaidia kweli

Hapa nitakuwa mkweli maana mtandaoni kuna watu wanauza kila kitu. Hakuna poda, hakuna mafuta, hakuna mkanda wa sumaku unaorudisha mfupa uliopotea. Hata vitu vya hospitali vina mipaka yake.

Kusimamishwa kwa fremu au kitanda kinachoinuka husaidia viungo visikakamae, husaidia misuli isikaze sana, na watu wengi huniambia husaidia hata tumbo na roho. Lakini usidhani kusimama mara moja kwa wiki kutakurudishia mfupa wa zamani. Na kama umekaa miaka bila kusimama, usianze peke yako, maana mfupa dhaifu ukipewa uzito wa ghafla unavunjika.

Kuna baiskeli zinazotuma umeme kwa misuli iliyopooza ili isukume pedali yenyewe. Hizo zinaweza kukuza misuli na kusaidia mwili kutumia sukari. Kwa mfupa, faida ni ndogo, inataka miezi mingi ya mazoezi ya mara kwa mara, na ukiacha inapotea. Ni kama jimu tu, nyote mnajua kilichotokea kwa zile pakiti sita za Januari.

Kuna dawa za mifupa, za aina wanayopewa wazee. Zikitolewa mapema na daktari anayejua, zinaweza kupunguza upotevu, hasa kwenye nyonga. Goti ni gumu zaidi kulinda. Neno ni "mapema". Ndiyo maana mazungumzo ya mifupa yanafaa kuanza mtu akiwa bado wodini, si baada ya kuvunjika.

Vitamini D ni ya kupimwa. Utasema Kenya jua tunalo mpaka tunaligawa, lakini mtu ambaye nyumba yake iko ghorofa ya tatu bila lifti hulioni lile jua. Kalsiamu nayo msinunue kiholela. Mfupa unapobomoka, kalsiamu yake inaingia kwa damu na kutoka kwa mkojo, na watu hawa tayari wako katika hatari ya mawe ya figo na kibofu. Kwanza pima, kisha shauriwa, ndipo unywe.

Chakula ni kile tunachokijua: mayai, maziwa, maharagwe, ndengu, omena. Misuli na ngozi vinahitaji protini. Sigara inaharibu mfupa na inachelewesha vidonda kupona. Pombe nyingi pia. Hapo hakuna siri.

Halafu kuna kitu ambacho hakuna anayekisema: mabega. Mtu wa kiti cha magurudumu amegeuza mikono kuwa miguu. Anajisukuma, anajiinua, anajihamisha mara nyingi kila siku. Bega halikuumbwa kwa kazi hiyo. Likiharibika, amepooza mara ya pili. Kwa hivyo mazoezi ya mgongo na mabega ni lazima, na kiti kinachomtosha ni lazima. Vile viti vizito vya hospitali ambavyo tunapenda kuvitoa kama msaada huku tukipiga picha, vilitengenezwa vya kumsukuma mgonjwa kutoka wodi moja hadi nyingine. Havikutengenezwa mtu aishi ndani yake kwenye barabara ya vumbi ya Pipeline. APDK wanatengeneza viti hapa hapa Kenya. Ukitaka kununua kiti, kwanza mtu apimwe, kisha ununue kinachomtosha.

Hii si kazi ya familia peke yake

Watu wazima kwenye familia zetu watasema, "Tutamtunza wenyewe." Wanamaanisha vizuri. Lakini mama wa miaka 58 hawezi kumgeuza mwanawe wa kilo 75 kila baada ya saa mbili usiku kucha bila kuvunjika mgongo yeye mwenyewe, tena bila kuonyeshwa na mtu jinsi ya kumshika.

Hospitali ya kitaifa ya rufaa ya majeraha ya uti wa mgongo iko Nairobi, na ni moja. Kama umeumia ukiwa Lodwar au Mandera, hesabu mwenyewe kilomita, nauli, na nani atakaa na watoto. Mwaka 2012, wakati wengi wenu mlikuwa shule ya msingi, Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi na wezi wa magari, alitoka Nairobi akiwa kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini. Kampeni iliitwa Bring Zack Back Home. Lengo lilikuwa shilingi milioni 250 za kujenga kituo cha kuwarekebisha watu kama yeye hapa nchini, na ujumbe ulikuwa rahisi: huduma ambayo mtu anafaa kuipata nyumbani, anaifuata nchi nyingine. Zaidi ya miaka 10 imepita na bado tunachanga mmoja mmoja kwa WhatsApp.

Haki ipo kwenye karatasi. Kifungu cha 54 cha Katiba kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, kufikia maeneo na usafiri wa umma, na kupata vifaa vya kumsaidia kukabili vikwazo vyake. Mwaka 2025 kukatiwa saini sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Poa sana. Lakini sheria haipandi mat. Mfupa wa binamu yangu ulivunjika kwa mlango usio na rampu, mikononi mwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha jinsi ya kumbeba.

Kwa hivyo ninachotaka ni hiki, na mkitaka kunipinga mnipinge kwa hoja.

Nataka kila harambee ya uti wa mgongo iwe na bajeti ya miaka 2 baada ya upasuaji, si ya upasuaji tu. Iandikwe hapo kwa posti: mtaalamu wa fiziotherapia mara ngapi kwa wiki, godoro na mto wa kuzuia vidonda, kiti kilichopimwa, vipimo vya damu na vya mifupa, nauli ya kliniki. Mkichanga milioni moja, msimalize yote kwa meza ya upasuaji mkamrudisha mtu nyumbani na godoro la inchi nne.

Nataka kila kaunti iwe na watu wa fiziotherapia wanaofika nyumbani, kwa sababu mgonjwa huyu ndiye wa mwisho anayeweza kukufuata kliniki. Tunapopiga kura mwaka ukifika, swali hilo liulizwe kwa mkutano, na muulizaji awe kijana, maana tunaopanda nduthi bila helmeti na kufanya kazi za mjengo ni sisi.

Nataka saco za matatu ziwafunze makanga. Somo la nusu saa: muulize mtu mwenyewe jinsi anavyotaka kubebwa, usimwinue kwa kwapa, mguu usiachwe ukining'inia wala kupindwa, kiti kifungwe breki kwanza. Nusu saa hiyo ingeokoa miezi minne ya mtu.

Na wewe unayesoma hii ukiwa na rafiki, jirani au ndugu kwa kiti cha magurudumu, nataka wiki hii umtembelee na umuulize maswali mengine. Mara ya mwisho kunyooshwa miguu ni lini, na nani anakunyoosha? Daktari amewahi kukuambia chochote kuhusu mifupa yako? Mabega yanauma? Kiti kinakutosha? Halafu usimalize na pole. Uliza kazi inaendaje, uliza mechi, kopa doh kama kawaida yenu. Ukipata jibu moja ambalo linakutia wasiwasi, mchukulie nafasi kwa kliniki na umsindikize.

Mia mbili uliyotuma mwaka jana ilikuwa nzuri. Lakini yule mtu bado yuko, na mwaka huu mifupa yake inahitaji saa moja yako kuliko ilivyohitaji ile mia mbili.